Waya Chini ya Sakafu ya Lorna

Jumanne, 15 Julai 2025

Koinet amenipigia simu. Tangu aniache hajawahi kunitafuta, leo ni "Resian, sopa!" kama mtu tuliyeonana jana. Eti sakafu ya chumba cha kulala imekataa kupata joto. Bomba la bafu lilipasuka, maji yakaingia chini ya tiles, waya za stima za kupasha sakafu joto zimelowa. Mafundi wengine wameshindwa, na aliyezitandaza ni mimi.

Ni kweli. Nilizitandaza nikiwa nimepiga magoti, kwa nyumba iliyokuwa iwe yetu! Nikifikiria baridi ya Kitengela haitanipata tena. Halafu akaoa Lorna – rafiki yangu, aliyekuwa anisimamie harusini.

Nimemwambia nitakuja. Nitakuja sana!

Alhamisi, 17 Julai

Lorna mwenyewe amefungua, amevaa sweta mbili. Akaniita dada. Dada!

Nimetoa tiles, nikapima, nikapata pale maji yaliingia. Karibu na bafu, shaba imegeuka kijani. Nimekata kipande kibovu, nikaunga kingine. Kuunga tu. Ule mpira wa kuzuia maji, unaovutwa juu ya kiungo na kubanwa kwa moto, sijaweka. Nimezungusha tepu ya kawaida, nikarudisha simenti na tiles. Unyevu utaingia tena. Alie kwa baridi kila Julai, huyo Lorna, na kila fundi amwambie vunja sakafu upya.

Kitu kingine. Kwa boksi ya stima kuna swichi ya usalama, ile hujikata waya ikivujisha stima, isiue mtu. Ilikuwa inawasumbua kwa kujikata, mmoja wa wale mafundi akaunga waya kuiruka, haifanyi kazi. Niliiona. Nikafunga boksi.

Ijumaa, 18 Julai

Mama ameuliza mbona naimba nikiosha vyombo.

Jumamosi, 19 Julai

Niko kwao. Nimekuja kuwasha na kupima, na stima imepotea mtaa mzima. Tunangoja. Naandika hapa kwa kiti, Lorna anadhani ni mambo ya kazi.

Koinet hayuko. Lorna anasema yuko Namanga na mizigo, siku hizi Namanga ndiyo nyumbani kwake. Simu hashiki.

Namanga! Mimi pia niliambiwa Namanga, na alikuwa kwa huyu huyu Lorna. Nimemwangalia usoni na nimefurahi. Onja, nimesema moyoni. Onja na wewe.

Amepiga deki chumba chote kwa sababu nakuja. Sakafu bado ina majimaji. Sasa ametoa slipa, amesimama pale karibu na bafu, miguu mitupu, imevimba – ana mimba, sikuwa nimeona kwa sababu ya hizo sweta. Anasema anataka kuwa wa kwanza kusikia joto likipanda. Anacheka kidogo. Zamani tulikuwa tunacheka hivyo.

Friji imeanza kunguruma jikoni. Stima!

Ameweka mkono kwa swichi ya sakafu, hapo ukutani. "Niwashe, dada?"

Nimesema ngoja.

Anauliza angoje nini.