Banda la Mama Neema

Temeke, Jumamosi

Kuku wote wazima, na yule anayeatamia hakuvunja hata yai moja. Bado siamini.

Tangu Bwana Afya aseme banda liondolewe ukutani kabla ya Jumatatu, la sivyo litavunjwa, sikuwa na raha. Mbao za masanduku ya chai zikishang'olewa misumari hazifai tena. Na mke wangu alilijenga peke yake, mie nikiwa ofisini.

Asubuhi nikachukua nyundo.

"Iweke chini, Baba Neema," akasema.

Akapitisha miti miwili chini ya sakafu ya banda, akaita majirani watatu. Wakaliinua kama wabebao kitanda cha mgonjwa, yeye mbele.

"Polepole, kuna mzazi humu," akawaambia.

Mie kazi yangu ilikuwa kushika mlango usifunguke.

Baadaye nikamuuliza kwa nini aliliweka juu ya miguu tangu mwanzo. Akajibu huku anakuna nazi, "Sie wapangaji. Sijengi kitu nisichoweza kuhama nacho."

Miaka sita ya ndoa, sikujua kwamba analiwaza hilo. Ninamstahi, na nimeona haya. Jumatatu nitaulizia kiwanja.