Skrini Ulizoniachia, Baba Limi

Shikamoo, Baba Limi.

Salamu nimetoa kwa adabu zote, sasa niache nikugombeze. Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike kule kwenu Ushirombo, na haijapita wiki bila mimi kusimama mbele ya skrini fulani nikikusema kimoyomoyo, halafu naomba msamaha haraka haraka kwa sababu marehemu hasemwi. Leo nakusema kwa maandishi. Ni Jumapili, nimetoka misa ya kwanza, nimekaa kibarazani kwangu hapa Geita, na kesho saa tatu asubuhi Mama Kija anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wanasema alilala kazini. Mama Kija, ambaye wewe mwenyewe ulimfundisha kuendesha mtambo. Wanataka kumfukuza, na mimi najua hakulala. Nitakueleza, lakini nikianza na hilo nitalia, na sitaki kulia kabla sijamaliza kukasirika.

Hivi, baba, ulidhani hutakufa? Neno la siri la seva ulimwachia nani? Seva ndiyo yenye mfumo wa mtambo mzima, kuanzia karasha linaloponda mawe mpaka matangi ya tope la dhahabu, na ufunguo wake ulikuwa kichwani mwako peke yako. Nilijaribu Limi. Nikajaribu majina ya wadogo zake wote, nikajaribu Ushirombo, nikajaribu tarehe ya ubatizo wako niliyoiona kwenye ratiba ya mazishi. Siku tisa! Mwisho nikampigia Mama Limi, natafuta maneno ya kumwambia mjane kwamba nahitaji siri za mumewe, naye hata hakuniacha nimalize. "Jaribu namba ya ile pikipiki yake iliyoibwa Chato," akasema. Ikafunguka. Yaani miaka yote hiyo, kila asubuhi ulikuwa unachapa namba ya pikipiki iliyoibwa na kujitia hasira kabla ya chai. Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha seva mpaka mlinzi akachungulia.

Na rangi ya kucha je? Nilikuta kila waya wa mtandao una alama uliyoipaka kwa rangi ya kucha ya mkeo. Nyekundu ni karasha, waridi ni kinu, zambarau ni matangi. Vizuri sana. Ila vumbi la kule halijui waridi wala zambarau. Limezifanya zote kuwa kahawia moja, na mimi nikatambaa chini ya sakafu siku mbili nikivuta waya mmoja mmoja huku mwenzangu akipiga kelele upande wa pili kuniambia skrini ipi imezimika. Ukikutana na Mungu mwambie akufundishe kuandika lebo.

Lakini viboksi vyako, baba, hivyo sina cha kusema. Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Nimetoka chuo cha ufundi Shinyanga na cheti changu, nikaona kwenye karasha kuna kiboksi kidogo cha chuma nyuma ya skrini, nikauliza kwa nini hatuwekewi kompyuta kamili kama watu. Ulinipeleka karakana, ukafungua kompyuta moja iliyokuwa imekufa pale karasha, ukaigeuza juu ya meza, ukaniambia nilete ungo. Nikadhani unatania. Vumbi lilimwagika mezani jekundu, laini kama unga wa muhogo wa udaga, tungeweza kusonga ugali. Feni ndiyo iliyokuwa inalivuta, ukasema, kwa hiyo huku hatuweki kitu chenye feni.

Ndipo ukanieleza kila kitu hapo hapo. Kwamba kiboksi hakibebi mfumo. Kinapokea picha kutoka kwenye seva, kinaionyesha, na kinarudisha kule kile operata anachobonyeza. Kisiwe na feni wala diski. Mwili wake uwe wa chuma. Kiwe na matundu mawili ya waya, mmoja ukikatwa na katapila mwingine ufanye kazi. Kikiungua, fundi akichomoe, achomeke kingine, seva ikitambue na kukirudishia picha ile ile ya mahali pale. "Operata asikose hata kikombe cha chai, ng'wanone," ulisema, na mimi nikafurahi kuitwa mwanao na mtu niliyemjua kwa saa mbili.

Hata leseni ulizielewa wewe tu. Mimi nilihangaika nazo wiki mbili baada ya msiba. Seva inakubali idadi fulani tu ya skrini kwa wakati mmoja, na kiboksi kikizimika ghafla kwa sababu ya umeme, seva inaendelea kukihesabu kana kwamba bado kimekaa pale. Kikirudi kinaambiwa nafasi zimejaa. Yaani kiboksi kinazuiwa na nafasi yake chenyewe! Wewe ulikuwa unafuta zile nafasi hewa kila asubuhi bila kumwambia mtu, na sisi tukadhani mambo yanakwenda yenyewe.

Basi, baada ya kukuzika wakajenga chumba kipya cha maoperata kule juu mlimani, mbali na vumbi na kelele. Kina kiyoyozi na viti vya magurudumu. Waya hakuna, wakaweka antena. Niliandika barua ya kurasa tatu kueleza viboksi vya namna gani vinatufaa, nikaandika kwa maneno yako, hata katapila nililiweka. Vikaja viboksi vyeupe vya ofisini, vimeagizwa pamoja na meza. Nilipouliza, yule bwana wa manunuzi akaniambia vinapendeza na rangi ya ukuta. Nilitoka pale nikatembea mpaka getini na kurudi ndipo nikaweza kuongea na binadamu.

Nikavifunga. Ningefanyaje? Na nilivijaribu kama ulivyonifundisha: nikachomoa waya makusudi nione skrini inafanya nini. Vile vya kwako ukivikata mawasiliano skrini inakuwa nyeusi, operata anajua mara moja kwamba yuko gizani. Hivi vyeupe vinabaki na picha ya mwisho. Namba zipo, rangi zipo, pampu inaonekana inazunguka, kumbe hakuna kitu. Nilitafuta mahali pa kubadilisha hilo sikupaona. Lakini sikuogopa sana, kwa sababu kulikuwa na ng'ombe wako.

Ng'ombe wako, baba, uliyemchora kwa kipanya, pembe moja fupi, nundu kama mfuko wa saruji. Anatoka kushoto chini ya skrini, anatembea polepole mpaka kulia, anaanza tena. Seva ndiyo inayomswaga, kwa hiyo akisimama, picha imekufa, hata kama namba zinapendeza namna gani. Watu wetu wote wamekua wakichunga, ng'ombe aliyesimama vibaya wanamwona hata wakiwa wanakula. Na ile desturi ya kupokezana shifti ulianzisha wewe au ilizuka tu? Anayeingia anauliza, ng'ombe anatembea? Anayetoka hajibu mpaka ageuke amtazame kwa macho yake. Bila jibu, daftari halisainiwi.

Sasa nakuambia nililofanya.

Walikuja wageni kutoka makao makuu kuona chumba kipya. Mmoja wao akasimama mbele ya skrini ya matangi, akamwona ng'ombe anapita, akaita wenzake. Wakapiga picha. Akauliza hiki kitu alichora mtoto wa nani. Watu wakacheka, Baba Limi, na mimi nikacheka. Nilicheka nao. Halafu nikasema ni mambo ya fundi wa zamani, tulikuwa tunapanga kumwondoa.

Hatukuwa tunapanga. Alasiri ile ile nikaingia kwenye seva kwa namba ya pikipiki yako na nikamtoa. Kwenye fomu nikaandika kwamba picha inayotembea inalemea antena, na ni kweli inailemea kidogo, mtu yeyote akiisoma ataona nimefanya kazi yangu vizuri. Mama Kija alikuja akaniuliza sasa tutajuaje. Nilimjibu kwamba huu ni mfumo wa kisasa, hauhitaji mambo hayo. Nilimjibu hivyo mama aliyenizidi miaka kumi na tano, tena nikiwa naangalia simu.

Jumatano iliyopita, saa nane mchana, antena ikapoteza mawasiliano. Kwenye skrini ya Mama Kija tangi la tope lilionyesha sitini na mbili, likabaki sitini na mbili. Kengele ya tahadhari nayo inapitia kiboksi hicho hicho, kwa hiyo haikulia. Kule chini tangi lilijaa, tope likafurika kwenye ngazi, na Sospeter wa pampu alikuwa anapanda na spana zake. Akateleza ngazi sita. Yuko hai, usishtuke. Mkono wa kushoto umevunjika, amefungwa hogo, na jicho moja bado jekundu lakini daktari anasema linaona. Nilikwenda kumtazama Alhamisi. Akaniomba nimpelekee chaja ya simu, na aliposema wabeja nikaondoka haraka kwa sababu sikustahili shukrani yoyote kutoka kwa mtu yule.

Wakati wakubwa wanafika chumbani, antena ilikuwa imesharudi na skrini inaonyesha tangi limejaa, kengele inalia. Wakamkuta Mama Kija amekaa kwenye kiti cha magurudumu, anashangaa. Wakaandika kwamba alikuwa amelala. Ungemwona. Yule mama unamjua, hana maneno mengi. Unakumbuka mwenyewe ulivyomkuta akiwa mfagiaji wa ofisi, amesimama na ufagio anatazama skrini, ukamuuliza anaona nini, akasema ile namba ya pembeni inapanda kuliko wenzake. Ilikuwa kweli inapanda, na hakuna operata aliyekuwa ameiona. Wiki iliyofuata ukamkalisha kwenye kiti. Miaka minane hajawahi kuitwa ofisini.

Alinikuta kwenye bomba la maji Ijumaa. "Sikulala, Kabula," aliniambia. "Nilikuwa naliangalia tangi tu. Namba ilikuwa ile ile." Hakuuliza kitu kingine. Nadhani anajua. Anasubiri niseme mwenyewe, na hilo linaniumiza kuliko angenipiga kofi mbele za watu.

Mhandisi wetu naye anajua, kwa sababu alisoma kumbukumbu za seva na mimi, tukaona pamoja muda ambao mawasiliano yalikatika. Aliniambia kwa upole kwamba kamati haijaomba kumbukumbu hizo, kwamba mkataba wangu unaangaliwa upya mwezi ujao, kwamba operata atapatikana mwingine lakini mtu wa kuzijua skrini zako hayupo. Anasema ananitakia mema. Nami usiku wa Ijumaa na wa jana nimejiambia maneno hayo hayo, kwa sauti yake, na yananoga sana mpaka yanatisha.

Nakukasirikia kwa sababu ungekuwepo nisingekuwa na la kuamua. Ungewatazama wale wageni kwa yale macho yako ya mtu aliyeamshwa usingizini, ungewaambia ng'ombe yule ni fundi mwenzangu, na wao wangenyamaza. Mimi sikuweza. Nilitamani wanione msomi. Nimekukana, baba yangu, kwa kicheko cha dakika moja, na mtu amevunjika mkono.

Haya, nimelia. Karatasi imeloa kidogo hapa pembeni.

Ng'ombe nimeshamrudisha. Jana nilikwenda kazini siku yangu ya mapumziko, nikamrudisha kwenye skrini zote, na viboksi vyeupe nimeviombea kibali viondolewe, waya uchimbiwe mpaka juu mlimani. Watakataa. Nitaandika tena, na safari hii nitabeba ungo mpaka kwa yule bwana wa manunuzi. Lakini kumrudisha ng'ombe kimya kimya hakumsaidii Mama Kija kitu, ni sawa na kufagia nyumba ya mtu uliyemfukuza.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Kesho sitasubiri kuitwa. Nitabisha hodi kwa kamati saa tatu kasoro nikiwa na kumbukumbu za seva mkononi, nitataja jina langu, nitasema skrini ilikuwa imekufa na mimi ndiye niliyeondoa kitu pekee ambacho kingemwonyesha. Wakiuliza kwa nini, sitawaambia habari za antena. Nitawaambia nilimwonea aibu mwalimu wangu mbele ya wageni. Neno la siri la seva nimeliandika kwenye bahasha, nimempa mhandisi, kama kesho kutwa sitakuwepo.

Pumzika, Baba Limi. Misa ijayo nitakuombea bila kukugombeza. Mama Kija amenitumia ujumbe sasa hivi, anauliza kesho avae nguo gani mbele ya kamati. Nimemjibu avae sare ya kazi, ana shifti ya mchana.

Mwanao,
Kabula