Mpira wa Kioo cha Mbele

Alhamisi, 11 Novemba 1976

Nimekamua tambara mara nne leo. Maji ni yale yale, yanaingia kona ya kulia ya kioo cha mbele, yanashuka nyuma ya dashibodi hadi kwenye fyuzi. Yakifika hapo gari linazima.

Daktari wa macho atakuwa Kasulu tarehe 22 hadi 24. Huja mara moja kwa mwaka. Basi halijaonekana hapa Kibondo tangu mvua zianze, kwa hiyo ni gari hili la Baba au hakuna safari.

Mwaka jana tulifika Makere, mvua ikatukuta, gari likazima. Tulikaa pale siku mbili, tukavutwa na lori hadi nyumbani, na daktari akaondoka. Wakati ule Baba alikuwa bado anaona vidole vyake. Niliapa kuziba mvua zikiisha. Zikaisha, gari likawa halivuji, nikasahau. Mke wangu Asha alikuwa akiniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hizi haniambii tena, na hilo linaniuma zaidi.

Jumamosi, 13 Novemba

Nimepata jibu la duka la vipuri la Kigoma. Mpira unaoshika kioo cha mbele wa gari la aina hii hauagizwi tena. Basi.

Nimekata vipande vya tyubu ya baiskeli, nimebandika kwa gundi ya viraka. Asha akamwaga ndoo juu, mimi nimelala chini ya dashibodi. Tone la kwanza limeniangukia jichoni. Nimepiga ngumi dashibodi hadi mkono ukatoka damu. Mjinga.

Jumatatu, 15 Novemba

Baba ameomba apelekwe kwenye gari. Aliendesha malori ya wafanyabiashara kutoka Ujiji miaka ishirini kabla ya kununua hili lake. Amepapasa mpira wote, polepole, mzunguko mzima. Kisha akasema kona ya kulia ndiko maji yanakotokea, lakini yanaingilia juu katikati. Kioo kitolewe.

Nikamuuliza kwa nini hakusema mwaka jana. "Hukuniuliza."

Kweli sikumuuliza. Nilikwisha kumhesabu kipofu wa kila kitu.

Naogopa. Kioo kikipasuka hakuna kingine.

Jumatano, 17 Novemba

Tumekitoa. Kizima.

Mpira umekauka kama ganda la muhogo, na juu una ufa wa kuingia kucha. Nimeuchemsha kwa maji na sabuni ukalegea kidogo. Nimekwangua kutu. Njia ya kukirudisha ni ya Baba: uzi mnene wa nailoni unalazwa ndani ya mfereji wa mpira, kioo kinawekwa mahali pake, mtu aliye ndani anavuta uzi taratibu na mdomo wa mpira unaukalia ukingo wa bati. Mimi nilivuta. Asha alisukuma kwa viganja kutoka nje. Baba alisimama pembeni, kiganja juu ya kioo, akisikiliza. "Simama. Rudi nyuma kidogo. Haya, vuta."

Kimekaa. Tukamwaga ndoo. Tone moja, kisha jingine.

Nimelia ndani ya gari kama mtoto. Baba alikuwa nje, najua alisikia.

Alhamisi, 18 Novemba

Nta! Ninayo stoo ya duka langu, mikate mizima niliyonunua kwa warina asali, na sikuifikiria. Nimeiyeyusha na mafuta kidogo, nikaimimina kwenye ufa na kuzunguka kioo chote. Ndoo sita. Pakavu. Nikaomba ya saba, Asha akasema niende kisimani mwenyewe.

Jumapili, 21 Novemba

Tulikuwa tuondoke kesho alfajiri.

Saa nne asubuhi nilisikia mvumo. Gari limejaa nyuki. Si kumi wala mia, ni kundi zima, wamening'inia nyuma ya usukani. Nimeumwa mara tisa.

Nimemwita Ntakije, jirani mwenye mizinga porini. Aliingiza kichwa dirishani, akanusa, akacheka hadi akashika kiuno. "Sisi mzinga mpya tunaupaka nta, nyuki wasikie harufu waje. Wewe umewaita, wamekuja."

Miaka kumi napima nta dukani. Sijawahi kutundika mzinga hata mmoja. Asha hakucheka.

Ntakije anasema nikiwachoma moto nitachoma na gari. Wameingia hadi ndani ya dashibodi, ataleta mzinga wake awavute taratibu. Nimemwomba afanye leo. Amesema nyuki hawaombwi.

Jumatatu, 22 Novemba

Daktari ameanza kazi Kasulu. Sisi tupo hapa. Mzinga wa Ntakije uko juu ya boneti, nusu ya nyuki wameingia. Nusu bado.

Baba ameoga, amevaa kanzu ya safari, ameketi barazani tangu asubuhi. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 23 Novemba

Wametoka saa saba mchana. Ntakije ameondoka na mzinga wake umejaa, kanishukuru.

Nta yote lazima itoke, vinginevyo kundi jingine litakuja. Nimekwangua kwa kisu na maji moto. Ufa uko wazi tena na wingu liko juu ya shule. Baba akauliza kama mafundi waliopaka tangi la maji la shule waliacha lami. Waliacha kidogo, ndani ya pipa, chini kabisa. Nimeomba sufuria moja. Nimeipasha, nikaiacha ipoe kiasi kioo kisipasuke, nikashindilia kwa kijiti. Mikono yangu ni myeusi hadi kwenye viwiko. Gari limekuwa baya. Sijali.

Sina muda wa kujaribu kwa ndoo.

Jumatano, 24 Novemba

Naandika Kasulu, barazani hospitali.

Mvua ilitupokea kabla ya Makere, nzito, wipa hazikufua dafu. Nilikuwa natazama kona ya kulia kuliko barabara. Njia nzima, kila nilipopunguza mwendo, Baba alinyoosha mkono akapapasa pale. Halikuingia hata tone.

Daktari alikuwa anafunga masanduku. Amekubali kumwona Baba. Ametazama muda mrefu, akabonyeza macho kwa kidole juu ya kope. Amesema si mtoto wa jicho wa kukatwa. Ni presha ya macho, imekwisha kuua mishipa. Jicho la kushoto limekufa. La kulia atajaribu kubakiza mwanga, ajue mchana na usiku. Halafu akasema, kwa upole, angeletwa mwaka jana angekuwa anaona.

Baba alikuwa amekaa pale pale. Alisikia kila neno. Akasema, "Ahsante, daktari," akanyoosha mkono nimwongoze.

Ni mimi. Si nyuki, si mvua.

Jumapili, 5 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Duka limefungwa.

Baada ya chai Baba alitoka peke yake kwa fimbo, akaingia garini, akakaa kiti cha dereva. Nilimtazama kutoka mlangoni. Alipitisha kidole kona ya kulia, akakifuta kwenye shati ingawa kilikuwa kikavu. Akashika usukani.

Nimekwenda, nikafungua upande wa abiria, nikakaa nusu, mguu mmoja nje. Nikamwambia, Baba, nisamehe. Maneno niliyoyabeba siku kumi na moja.

Aligeuza uso kuelekea mlango wangu.

"Funga mlango," akasema. "Mvua inaingia."