Kabali Yangu Mwenyewe

Jumamosi, Mapinga

Koo bado linauma, na kila nikimeza mate nacheka peke yangu.

Asubuhi nilikereka. Dereva wa bajaji kaniita tena "mama karate". Nimekuwa bingwa wa mieleka ya kukabana, nimekunja mikono ya watu hadi wakasalimu amri, na bado ni karate!

Mazoezini nikamwambia mwanafunzi wangu Rehema anikabe kwa nguvu zake zote, asinionee huruma. Ni muuza samaki wa kukaanga, ana mikono migumu. Akanizunguka, akanipiga kabali ya shingo, ileile iliyonipa ubingwa, niliyomfundisha mwenyewe. Nikatafuta pa kutokea, wapi! Nikapiga mkeka mara mbili: nimeshindwa. Kwa mwanafunzi wangu, sijawahi.

Ukumbi mzima ukatugeukia. Rehema akaniachia, akashika mdomo, na kwa woga akasema, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikajibu kwa kasauti kalikobaki. Watu wakavunjika mbavu.

Goti hili bovu halitanifikisha mbali, najua. Nilikuwa nahofia siku nikiacha, na mchezo wenyewe huku kwetu utakufa. Leo hofu imepungua.

Jioni mama kaniletea chai ya tangawizi, akaona alama shingoni. "Nani kakufanya hivi?"

"Mwanafunzi wangu," nikasema, kama ninayemtaja mwanangu aliyefaulu.

"Mwanafunzi amkabe mwalimu wake! Huyo hana adabu hata kidogo."

"Anayo, mama. Alipomaliza kunikaba, aliniamkia."