Kwa Rahmo: Hani Ameshika Kliniki Yako

Mwaka umezunguka, Rahmo, tangu gari lililokupeleka hospitali Garissa ukiwa na homa likurudishe Kotile ukiwa umefunikwa shuka. Tungependa kukuambia kwamba tumepoa. Hatujapoa. Tunaogopa.

Ulikuwa muuguzi wa mifugo, na kila Jumanne kituo cha mifugo kilikuwa chako. Daktari alikwenda malishoni kufuata ngamia wa wanaume, wewe ukabaki na mbuzi wa wanawake. Mwanzoni hakuja mtu. Ukawafuata boma kwa boma, ukanywa chai yao, ukawaulizia mbuzi wao kwa majina. Baadaye kivuli cha kituo hakikutosha. Walikuambia mambo wasiyomwambia daktari: maziwa yamekauka, mbuzi ametupa mimba, mtu amemvuta mtoto wa mbuzi kwa mikono mitupu.

Mumeo Jelle alikutania kuwa ameoa mkunga wa mbuzi. Ukamjibu kwamba mbuzi angalau hushukuru. Ulirudi ukinuka dawa ya kuogeshea mifugo, ukachoma uunsi, ubani wetu, na nyumba ikawa na harufu zote mbili. Siku hizi inanukia uunsi peke yake.

Kisha ikaja mvua ile, na mbu, na mbuzi wakitupa mimba mfululizo. Glavu zilikwisha kabla ya foleni. Mbuzi wa Bi Qali, mmoja wa wanawake wako wa Jumanne, alikuwa amekwama kuzaa, ukasema humwachi afe, ukamzalisha kwa mikono mitupu. Hospitali walisema ni homa ya Bonde la Ufa, ile inayotoka kwa mifugo. Mama mkwe wako Habibo hataki kulisikia jina hilo.

Mwaka huu mvua imenyesha vilevile. Mbuzi wameanza tena kutupa mimba. Na binti yako Hani, aliyemaliza mafunzo, amepewa funguo za kituo. Jelle alimwona anavaa buti zako. Akamkataza. Hani akambusu mkono, akaondoka.

Jelle akamfuata, tayari kufunga mlango mbele ya watu. Alimkuta amepiga magoti katikati ya wanawake, glavu mpaka kwenye viwiko, pua na mdomo amefunika. Mbele yake mbuzi wa Bi Qali alikuwa anahangaika.

"Hani, toka. Tunakwenda nyumbani."

"Aabo, nikifunga hapa watawavuta kwa mikono mitupu huko kwao."

"Mama yako naye alikuwa na glavu."

"Zilimwishia. Zangu zikiisha nafunga, hata kama mbuzi anakufa."

Bi Qali akamwambia Jelle kwamba kama hashiki mbuzi, awapishe kivulini, wao wana kazi. Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Alipewa glavu, vidole viwili vikaingia tundu moja. Akashika kichwa cha mbuzi. Mbuzi alikuwa mtulivu kuliko yeye. Mtoto alitoka amekufa, wakamzika kwenye shimo refu. Mama yake akasimama, akatafuta maji.

Tangu hapo Jelle hapiti jioni bila kumwekea Hani mkono kwenye paji la uso. Hani humwambia kwamba mkono wake ndio wenye moto. Majuzi alisema kichwa kinamuuma, na baba yake akakaa chini palepale mlangoni. Ilikuwa jua tu. Safari hiyo ilikuwa jua.

Hatukwambii kwamba atasalimika. Hatujui. Tunachokuambia ni kwamba hayuko peke yake. Kila Jumanne baba yake hukaa pembeni ya sanduku la glavu, haondoki hata kwa chai. Zikiisha, yeye ndiye anayefunga mlango, na Bi Qali amtukane apendavyo.

Mwenyezi Mungu akurehemu na akupanulie kaburi lako.

Tunaokukumbuka ni mumeo Jelle, binti yako Hani, mwanao Guled, mama mkwe wako Habibo, dada yako Zeinab wa Modogashe, na wanawake wote wa Jumanne.

Maadamu tu hai, Rahmo, hatukusahau.