Msumari wa Nassib

Kambi ya Lugufu
9 Machi 2006

Yaya Semeni,

Shikamoo. Pokea salamu zetu zote. Huku tu wazima, isipokuwa Riziki ambaye kikohozi kimemng'ang'ania tangu mvua zianze. Vipi wewe na mguu wako? Na Nassib wangu, anakula?

Madhumuni ya barua hii ni kukuarifu kwamba tumejiandikisha kurudi nyumbani. Babake Nassib ametangulia Baraka, kwetu Kongo, anasema kiwanja chetu kipo na ukuta mmoja bado umesimama. Meli itatuchukua Kigoma kabla ya mwezi wa nane kwisha. Nitakuja kumchukua Nassib.

Najua utanuna. Lakini ulimpokea kwa sababu kambini alikuwa akiona msongamano wa watu wa mgao wa chakula anakimbilia porini, na siku ile tulimtafuta mpaka nikapoteza sauti. Sikukupa moja kwa moja.

Mdogo wako,
Mwavita


Ujiji
20 Machi 2006

Mdogo wangu Mwavita,

Marahaba. Mguu haujambo, unauma kwa ratiba. Riziki mpe tangawizi. Na hiyo "yaya" usiiandike tena juu ya bahasha. Pastory dereva, aliyeniletea barua yako, kaniuliza siku hizi nimeajiriwa nyumba gani, maana hapa yaya si dada mkubwa kama kwetu Kongo, ni msichana wa kulea watoto. Nikamwambia basi hujakosea sana.

Kazi yangu unaijua kwa kusikia tu, ngoja nikueleze. Kila siku saa nane niko kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu, Katubuka, na Mwalimu Edina, yule aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba. Watoto wakitoka darasani kwao wanakuja kwetu mpaka wazazi warudi sokoni na ziwani. Anatoli asiyetembea tunamnyoosha miguu. Wengine tunawafundisha kufunga vifungo na kuomba choo kwa ishara. Wote wanakunywa uji, na wote wananimwagia.

Ukutani kila mtoto ana msumari wake na kikombe chake. Jioni anakiosha, anakitundika, anageuka kutazama nani kasimama mlangoni, anamshika mkono, wanakwenda. Kikishatundikwa hakiguswi mpaka kesho. Nassib ilimchukua mwaka mzima kuelewa hivyo. Kabla ya hapo kila jioni alilala chini akapiga kichwa sakafuni, kwa kuwa hakujua siku inaishia wapi. Sasa anajua. Bado hasemi, lakini anajua.

Huko Baraka kuna kituo? Kuna darasa? Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Mwache hapa. Nakuomba.

Dada yako,
Semeni


Kambi ya Lugufu
2 Aprili 2006

Dada Semeni,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Riziki amepona, ahsante kwa tangawizi.

Methali yako nimeisoma, na mimi ninayo yangu: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kituo hakuna. Darasa hakuna. Mama yupo. Nimeomba kibali cha kutoka kambini, nitafika hapo mwezi ujao nimwone.

Mwavita


Ujiji
30 Mei 2006

Mdogo wangu Mwavita,

Salamu kwako na watoto. Mkono wako umepona? Meno ya Nassib ni makali, mimi mwenyewe ninayo alama yake begani.

Sijakuandikia tangu uondoke kwa sababu nilikuwa na hasira, kisha hasira ikaisha nikabaki na aibu. Uliingia kituoni ukamkumbatia na kumvuta mkono, kama mama yeyote angefanya. Akakung'ata, akajificha nyuma ya kanga yangu. Nikafurahi, Mwavita. Nikasema moyoni, haya, ameshachagua.

Jioni Mwalimu Edina aliniita pembeni. "Mama Semeni, sisi ni watu wa mchana. Kazi yetu yote hapa ni mtoto aweze kuondoka. Ukimfundisha kubaki, umemfundisha nini?" Nilimkasirikia siku kadhaa. Uji wake nikaukoroga vibaya makusudi.

Basi sikiliza. Usimvute kamwe. Mkono aushike yeye. Kwenye kelele mfunike kanga kichwani, kaa karibu, usiseme neno. Samaki mtolee miiba mbele yake aone. Na usije kumchukua nyumbani kwangu, njoo kituoni jioni. Pale amezoea kuondoka. Akishatundika kikombe na kugeuka, uwe wewe mlangoni. Mimi nitakuwa uani.

Ninachoogopa ni meli. Watu mia kadhaa, honi, na maji pande zote. Akikimbia mle, atakimbilia wapi?

Dada yako,
Semeni


Baraka
19 Agosti 2006

Yaya wangu Semeni,

Shikamoo. Nimeandika yaya makusudi, Pastory na acheke. Tumefika, sote tu wazima. Barua hii nampa mzee mmoja wa boti ya mafuta ya mawese.

Siku ile kituoni uliona mwenyewe kupitia dirisha la uani, usikatae, nilikiona kichwa chako. Nilisimama mlangoni kama ulivyoniagiza. Akaosha kikombe, akauangalia msumari, akaniangalia mimi na mfuko wa nguo zake, akakataa kukitundika. Akatoka nacho mkononi, akitembea nyuma yangu hatua kadhaa. Lugufu alilala nacho. Mkono wangu hakuushika hata siku moja. Usiku nililia, nikasema dada alikuwa na haki.

Melini nikamfunika kanga. Akatulia njia nzima, amekumbatia kikombe chake. Tulipoikaribia Baraka honi ikalia, watu wakasimama wote wakaanza kuimba na kusukumana. Nassib akaitupa kanga akaelekea ukingoni. Yaya, mkono wangu ulikwishanyooka kumkamata. Mtu yeyote mwenye akili angemkamata. Nikaurudisha. Nikapenya watu nikamfuata karibu.

Alikuwa anapapasa ukuta wa chuma. Akafika kwenye ndoano wanayotundikia kamba, karibu na mlango wa kushukia. Akakifuta kikombe kwa shati lake, ndani na nje. Akakitundika. Kisha akageuka kutazama nani kasimama mlangoni.

Nilikuwa mimi.

Akanishika mkono. Tukashuka. Nikiwa chini nikakumbuka kikombe, nikamwomba baharia mmoja akakilete. Nassib akakipokea, akapanda ngazi tena, akakirudisha kwenye ndoano. Baharia akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimekwisha kukuelewa.

Babake amemlaki. Hajamgusa bado, nimemwonya.

Mdogo wako,
Mwavita


Ujiji
3 Septemba 2006

Mdogo wangu Mwavita,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako nilimsomea Mwalimu Edina, nikashindwa kufika mwisho, akamalizia yeye. Tulilia wote wawili mpaka Anatoli akaanza kutucheka.

Nilikwenda bandarini meli iliporudi. Nikamkuta yule baharia, nikamtajia kikombe cha bluu kilichobanduka rangi ukingoni. Akaniuliza ni cha thamani gani hata nikifuate na mguu huu. Nikachukua changu nikarudi.

Msumari wa Nassib sasa ni wa binti anayeitwa Erica, aliyeletwa wiki iliyopita. Hatulii hata dakika, anapiga kichwa sakafuni kila jioni. Tutafika.

Baba mtu na apigilie msumari kwenye huo ukuta wenu uliosimama, chini, mahali anapofikia mtoto. Na mnunulie kikombe kingine hukohuko. Hiki sikirudishi. Ameshakitundika.

Dada yako na yaya wake,
Semeni