Swali la wifi kwenye mtihani wa binti yake

Shoga, acha unachofanya usome. Wifi yangu leo katoa kali, na mimi nimekaa naye bega kwa bega!

Si binti yake alikuwa anatetea utafiti wake wa PhD chuoni? Mambo yenyewe ni vijidudu vinavyoishi kwenye maji yanayotokota. Vina vimeng'enya vinavyobandika kemikali kwenye RNA, ule uzi unaobeba maagizo ya mwili, usikatike kwa joto. Mtoto akasema, "Ni kama kuuvika koti." Namshukuru Mungu, alieleza hata mimi wa darasa la saba nikaelewa.

Mwenyekiti wa jopo akauliza, "Kuna swali?" Maprofesa washafunga mafaili, wanatafuta miwani waondoke.

Wifi akaona mwanawe kadharauliwa. Nikamshika gauni. Akasimama. Shoga, AKASIMAMA!

"Mwanangu, vikitolewa motoni vikawekwa baridini, hilo koti linavuliwa?"

Binti kapekua kurasa zake zote. "Mama... hilo sijalipima."

Mafaili yakafunguliwa yote! Mwenyekiti akasema, "Kapime kwanza, urudi mwakani."

Mwakani, shoga! Wifi analia, "Jamani, mimi nilikuwa namtetea!"

Nje binti kamkumbatia, kamwambia, "Mama, leo umenipenda mpaka mwakani."

Nikajua yamekwisha. Sasa tuko garini, wifi kafuta machozi, ananinong'oneza: "Wifi, kwani linavuliwa au halivuliwi?"

Nimemwambia amwulize Mola aliyelishona. Ila amwulize kimoyomoyo.